Maswali ya Wasomaji: Kuishi na Familia ya Wenyeji Kabla ya Mwaka wa Masomo Ughaibuni

Kila inapokaribia miezi ya kuanza masomo Ulaya, meza yetu hupokea barua za wanafunzi na wazazi wanaouliza habari za viza, ada na vyumba. Safari hii barua kadhaa zimegusa jambo ambalo huulizwa kwa nadra: kukaa kwanza katika nyumba ya wenyeji ili kuizoea lugha kabla mwaka wenyewe wa masomo haujaanza. Tumechagua nne na kuzifupisha kidogo. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu mengi yaliyomo yanawahusu wasomaji wengine pia.

SWALI: Mimi ni mzazi, naishi Mwembetanga, Unguja, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapokea nyumbani kwangu wanafunzi wa kigeni wanaokuja kujifunza Kiswahili. Sasa zamu imenigeukia. Binti yangu, anayesoma Kifaransa chuo kikuu, amepata nafasi ya kusoma mwaka mmoja mjini Tours, Ufaransa, kuanzia Septemba, na mwalimu wake anamshauri atangulie Agosti, akae wiki nne na familia ya huko huku akihudhuria shule ya lugha. Gharama yake si ndogo. Je, wiki hizo zina faida ya kweli, au ni biashara ya watu tu? Na kama zina faida, nimwandae vipi, ikizingatiwa kuwa sisi ni Waislamu na yeye hajawahi kulala nje ya nyumba za jamaa zake?
Mzazi, Unguja

JIBU: Shikamoo mama. Nusu ya jibu unayo mwenyewe, kwa sababu umeshawaona wageni wa kila namna. Bila shaka yupo aliyekula, akashukuru kwa Kiingereza, akapanda chumbani na simu yake, na siku ya kuaga alikuwa bado hawezi kuuliza bei ya ndizi. Na yupo aliyekalia mbuzi jikoni akakuna nazi vibaya mpaka vipande vya kifuu vikaingia ndani, akakosolewa, akatumwa dukani kuleta hiliki akarudi na karafuu, akachekwa, akatumwa tena. Wote wawili walilipa fedha ile ile na kulala chini ya paa lile lile. Wa pili alifaidika kwa mambo mawili: alikuja na maneno ya kutosha kuelewa anapotumwa, na ninyi mlimpa shughuli zilizomlazimisha kuzungumza. Kwa binti yako itakuwa hivyo hivyo. Masharti hayo mawili yakitimia, wiki nne za Agosti zina faida ya kweli. Yasipotimia, atakuwa amekodi kitanda kwa bei ya juu.

Tuanze na kiwango cha lugha. Lugha za Ulaya hupimwa kwa ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2, ambazo Baraza la Ulaya lilizichapisha mwaka 2001. Kwa maoni yetu, wakati mwafaka wa kuingia katika nyumba ya wenyeji ni pale mwanafunzi anapokuwa amemaliza A2 na yumo ndani ya B1. Chini ya hapo mazungumzo ya mezani humpita, na wenyeji, kwa huruma, humgeukia kwa ishara au kwa Kiingereza chao kidogo. Aliye na B2 iliyokomaa, kwa upande wake, anahitaji zaidi ukumbi wa mihadhara kuliko meza ya chakula. Kama binti yako ana cheti cha Kifaransa cha DELF, mwambie akuoneshe alama za kila sehemu wala si jumla peke yake. Mtihani huo una sehemu nne, za kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja ikiwa na alama 25, na anayefikisha 50 kati ya 100 amefaulu ilimradi hakupata chini ya 5 katika sehemu yoyote. Kwa hiyo mtu anaweza kufaulu kwa nguvu ya kusoma na kuandika huku masikio yake yakiwa bado mazito, na nyumba ya wenyeji hutaka masikio kwanza.

Lipo jaribio ambalo mnaweza kulifanya hapo hapo nyumbani. Mtafutieni mtu anayekijua Kifaransa vizuri amsomee namba kadhaa za simu za Ufaransa kwa mwendo wa kawaida, bila kurudia. Namba hizo zina tarakimu kumi na husomwa mbili mbili. Na kwa kuwa Mfaransa huhesabu 75 kama sitini na kumi na tano, na 92 kama ishirini mara nne na kumi na mbili, mwanafunzi mwenye vyeti vyote anaweza kuandika namba isiyokuwepo duniani. Dawa yake ni mazoezi ya kila siku. Redio ya RFI, ambayo wasomaji wetu wengi huisikiliza kwa Kiswahili, ina kipindi cha habari cha dakika kumi kiitwacho Journal en français facile, kinachotolewa pamoja na maandishi yake. Asikilize kwanza bila maandishi, kisha akiwa na maandishi, na afanye hivyo hadi siku ya safari. Na akija kwenu mgeni Mfaransa, msimwache binti akamsaidia Kiswahili bure: wakubaliane saa moja ya Kiswahili kwa saa moja ya Kifaransa, na Kiingereza kisiingie kati.

Lazima pia ajue kile ambacho nyumba haitamfundisha. Itampa Kifaransa cha kuomba, kukataa kwa adabu, kutania na kulalamika, kinachosemwa haraka huku nusu ya silabi zikimezwa. Haitampa Kifaransa cha kuandika hoja chuoni, ambako mwalimu hutarajia utangulizi unaofika kwenye swali moja la msingi, kisha sehemu mbili au tatu zinazolijibu kwa mpangilio, hata kama mwanafunzi anaijua mada barabara. Hilo alifanyie kazi na walimu wake wa hapa kabla hajaondoka, kwa sababu wiki nne za Agosti hazitoshi kubeba yote mawili.

Kuhusu viza, tunasisitiza jambo moja: wiki za lugha zisiwe safari ya peke yake. Viza ya muda mfupi ya Schengen humruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, na kwa kawaida haigeuzwi kuwa ya mwanafunzi mtu akiwa huko huko Ufaransa. Anayekwenda Agosti kwa viza hiyo hujikuta akirudi nyumbani kuomba nyingine, akilipa ada mara mbili na tiketi mara mbili. Aombe moja kwa moja viza ya muda mrefu ya masomo, na aambatanishe barua ya chuo kikuu pamoja na ile ya shule ya lugha inayotaja tarehe za Agosti na mahali atakapolala, ili tarehe ya kuanza viza iwekwe mapema inavyotakiwa. Akishafika, viza hiyo huthibitishwa kwa njia ya mtandao ndani ya miezi mitatu. Kazi hiyo huchukua muda mfupi, lakini wanaoisahau hupata usumbufu mkubwa baadaye.

Tours ni mahali pazuri pa kuanzia. Mji huo umezoea wanafunzi wa lugha tangu zamani: Institut de Touraine ilianzishwa mwaka 1912. Miji mingine ya aina hiyo ni Besançon, yenye kituo cha lugha cha CLA tangu 1958, na Vichy, yenye CAVILAM tangu 1964. Tunaipendelea miji ya ukubwa huo kuliko Paris, ambako mwanafunzi humaliza muda mwingi ndani ya treni na kila muuza duka humjibu kwa Kiingereza. Shule yoyote mtakayoichagua, angalieni kama ina alama ya ubora iitwayo Qualité FLE, inayotolewa na serikali ya Ufaransa tangu 2007 baada ya ukaguzi wa mafundisho, majengo na namna wanafunzi wanavyopokewa. Shule ndiyo itafute familia, na fedha zilipwe shuleni. Anayewatumia ujumbe akitaka malipo ya chumba kwa akaunti yake binafsi, kwa madai kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, msimjibu.

Katika fomu ya malazi mtaona nafasi ya kuchagua chumba pekee au chumba pamoja na kifungua kinywa na chakula cha jioni. Msibane matumizi hapo. Chakula cha jioni ndicho darasa lenyewe; huanza kati ya saa moja na nusu na saa mbili usiku na huenda polepole, chakula kimoja baada ya kingine, jibini ikifuata na kitu kitamu mwisho, na muda wote huo watu wanazungumza. Ulizeni pia kama nyumba hiyo itakuwa na wanafunzi wengine na wanazungumza lugha gani, kisha ombeni kwa maandishi binti asiwekwe na mwenzake wa Kiswahili wala wa Kiingereza. Jambo jingine: Agosti ni mwezi wa likizo Ufaransa, familia nyingi zenye watoto husafiri, na wanaobaki kupokea wageni mara nyingi ni wastaafu. Wazazi wengine husikitika wakisikia hivyo. Sisi tungemchagua mama mstaafu anayetazama habari na kuzibishia kwa sauti kuliko wazazi vijana wanaorudi kazini wamechoka, maana mstaafu ana muda, ana masimulizi, na hachoki kurudia.

Sasa dini na chakula. Yote yaandikwe kwenye fomu mapema, yasisubiri usiku wa kwanza mezani. Asiandike tu kwamba hali nguruwe wala hanywi pombe. Afafanue kwamba hali pia chakula kilichopikwa kwa mvinyo, kwa sababu mpishi wa Kifaransa anayetia mvinyo kwenye mchuzi wa nyama hauhesabu kuwa ni kinywaji, na vipande vidogo vya nguruwe hutiwa kwenye saladi na vyakula vya mayai bila mtu kuona haja ya kuvitaja. Kama hali nyama isiyochinjwa kihalali, aseme hivyo waziwazi, na wenyeji wengi watampa samaki, mayai na mboga bila tatizo. Kuhusu sala, ajue kwamba katikati ya Agosti jua huzama Tours karibu saa tatu usiku, hivyo Magharibi itamkuta ameshakula, na Isha itaingia nyumba ikiwa imelala. Amweleze mwenyeji tangu siku ya kwanza kwamba kutakuwa na sauti ya maji usiku, kisha asiwe na wasiwasi tena. Na achukue kopo. Katika nyumba nyingi za Ufaransa choo ni chumba peke yake, mbali na bafu, na hakina maji zaidi ya yale ya kusukumia. Hili wanaoshauri wanafunzi huliona dogo, ilhali ndilo linalomnyima binti wa Kizanzibari raha kwa wiki nzima bila kuthubutu kumwambia mtu.

Kulala nje ya nyumba za jamaa atakuzoea. Linalotutia shaka kidogo ni simu yako, mama, utuwie radhi. Agosti, saa za Ufaransa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu. Ukimpigia baada ya Isha, saa tatu za Unguja, huko ni saa mbili, na ndiyo kwanza watu wamekaa mezani. Binti atainuka, atakwenda chumbani, mtazungumza Kiswahili kitamu, na atakaporudi meza itakuwa imekwisha kuondolewa. Panga simu za mchana, siku za mapumziko. Zawadi usijisumbue sana: pakiti ya mdalasini na karafuu za nyumbani zinatosha, na siku moja awaombe wamwachie jiko awapikie pilau, kwa sababu atalazimika kuwaeleza kwa Kifaransa kila anachokitia sufuriani.

SWALI: Nasoma Kifaransa chuoni na kwetu ni Ujiji, Kigoma. Nimepata udhamini wa kwenda Ufaransa kwa mwaka mmoja, lakini haulipii wiki za kukaa na familia, na mimi sina uwezo. Rafiki yangu ananishauri niende Bujumbura nikakae na familia inayozungumza Kifaransa. Je, itanisaidia, au nitajifunza Kifaransa ambacho Ufaransa hawakielewi?
Mwanafunzi, Kigoma

JIBU: Rafiki yako amekushauri vizuri. Bujumbura iko pwani ya ziwa lile lile unalolitazama kila siku, Burundi imo pamoja nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na gharama ya mwezi mzima huko haikaribii gharama ya wiki moja Ufaransa. Kabla ya kuondoka, uliza uhamiaji hali ya mipaka na hati unazotakiwa kuwa nazo, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Usishawishike kuvuka kwenda Bukavu au Goma kwa sababu tu Kifaransa cha huko ni kizuri. Miji hiyo iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mapema mwaka 2025, na huko si mahali pa kwenda kujifunza lugha.

Tatizo la Bujumbura kwa mtu wa Ujiji ni kwamba mambo yote yatakuwa rahisi mno. Nyumbani watu huzungumza Kirundi, sokoni utajibiwa kwa Kiswahili, na ukipangiwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, utaamka, utakula na kulala kwa Kiswahili mpaka mwezi uishe. Kifaransa cha Burundi kinakaa ofisini, shuleni na chuoni. Kwa hiyo tafuta nyumba ya mwalimu au mtumishi wa ofisi, na mkubaliane kabla hujafika kwamba mezani ni Kifaransa tu, hata watoto wakicheka. Malipo ya chakula yatajwe kwa kiasi na kwa tarehe. Ukarimu wa kwetu huwafanya wenyeji waseme usijali, kisha wiki ya tatu kila mmoja anajisikia vibaya.

Nenda wakati vyuo vimefunguliwa. Hapa ndipo unapomzidi yule anayekwenda Tours: Chuo Kikuu cha Burundi hufundisha kwa Kifaransa, na mhadhiri akikuruhusu kukaa nyuma ya darasa, utapata mazoezi ya kusikiliza mhadhara na kuandika muhtasari, jambo ambalo hakuna familia ya Kifaransa itakayokupa. Mjini pia kuna Institut français, yenye maktaba. Kuhusu kueleweka, ondoa hofu. Wafaransa watakuelewa, nawe utakuwa na lafudhi, kama kila mtu. Tofauti itakayokugusa ni ya hesabu: Burundi na Kongo, kwa urithi wa Wabelgiji, 70 ni septante na 90 ni nonante, na Ufaransa maneno hayo hayatumiki. Soma tena ushauri wa namba za simu tuliompa mzazi wa Unguja. Na kama udhamini wako ni wa Erasmus+, mpango wa masomo wa Umoja wa Ulaya, uliza kuhusu masomo ya lugha ya mtandaoni yanayotolewa chini ya mpango huo, maana hayana malipo na wengi huyaacha yapite.

SWALI: Nina miaka 22, natoka Nakuru, na nina cheti cha KCSE. Ndoto yangu ni kusoma chuo kikuu Ujerumani kwa Kijerumani. Shangazi yangu ameolewa Hamburg na ana watoto wawili wadogo. Anasema niende kwake kama “au pair” (kijana anayeishi na familia ya kigeni na kuisaidia kazi za nyumbani) kwa mwaka mmoja, nimsaidie watoto, nijifunze lugha, kisha nijiunge na chuo. Je, njia hii ni sawa?
Msichana, Nakuru

JIBU: Kwa shangazi, hapana. Sheria za Ujerumani haziruhusu au pair awe jamaa wa familia inayompokea, kwa hiyo ombi hilo litakataliwa, na kukataliwa viza mara moja huacha kumbukumbu utakayoulizwa tena. Hata familia isiyo ya ukoo hutakiwa iwe ya Kijerumani kwa lugha yake ya kuzaliwa, au angalau Kijerumani kiwe ndicho lugha ya nyumba na wenye nyumba wasiwe watu wa nchi moja na mgeni wao. Masharti haya yanawaudhi wengi, lakini kwa upande wa lugha yana mantiki. Jikoni kwa shangazi mtazungumza Kiswahili na Kikuyu, au lugha yoyote ya nyumbani mliyolelewa nayo, na Kijerumani utakisikia kwa watoto tu.

Ukipata familia nyingine, elewa kwamba au pair ni makubaliano ya kazi ndogo na malazi, na haufanani na kukaa kwa wenyeji kama mgeni anayelipa. Lazima uwe na umri usiofika miaka 27 unapoomba na ujue Kijerumani cha A1 kabla ya kuondoka. Mitihani yake hufanyika Goethe-Institut, Nairobi. Utahudumia watoto na nyumba kwa saa zisizozidi 30 kwa wiki, utapewa chumba, chakula na bima, euro 280 za mfukoni kwa mwezi, na mchango wa euro 70 kwa mwezi kwa ajili ya kozi ya lugha. Familia inayokuomba ufanye kazi kutwa nzima kwa sababu umekuja kusaidiwa inavunja mkataba. Kabla ya kutia saini, zungumza nao kwa video, na uulize hasa ni saa ngapi na siku zipi utakwenda kwenye kozi.

Lakini pima umbali wa safari yenyewe. Baada ya mwaka na watoto wadogo utakuwa unajua vizuri kuwavika viatu, kuwasimulia hadithi na kugombana nao kuhusu kupiga mswaki. Chuo kikuu kinachofundisha kwa Kijerumani kwa kawaida kitakudai mtihani wa Kijerumani, ama TestDaF yenye kiwango cha 4 katika sehemu zake zote au DSH-2, na mwenye KCSE huenda akatakiwa kwanza kupitia mwaka wa maandalizi uitwao Studienkolleg. Ukiomba viza ya masomo, utaonyesha pia uwezo wa fedha, ambao tangu Septemba 2024 umekuwa euro 11,904 kwa mwaka katika akaunti maalumu. Hapo ndipo shangazi anapoweza kukufaa kweli: Ujerumani inamruhusu mkazi wa huko mwenye kipato cha kutosha kuandika ahadi rasmi ya kumgharamia mwanafunzi. Tungekuwa wewe, tungesoma Nairobi mpaka B1 na kumwomba shangazi ahadi hiyo, badala ya kumwomba kazi.

SWALI: Nimefika Lyon na niko wiki ya pili katika nyumba ya mama mmoja mstaafu niliyepangiwa na shule ya lugha. Ni mwema, nyumba ni safi, lakini tunakula kimya runinga ikiwa imewashwa, kisha ananiaga na kwenda kulala. Nilitarajia kuzungumza. Wenzangu kutoka Afrika Mashariki wamepanga chumba pamoja na wananiita. Nihame?
Mwanafunzi, Lyon

JIBU: Usihamie kwa wenzako kwanza. Utapata kicheko na ugali, na Kifaransa chako kitabaki pale ulipokiacha uwanja wa ndege. Kuna mambo yanayomfanya mwanafunzi ahame siku hiyo hiyo bila mjadala: kunyimwa ufunguo wa nyumba au chakula kilicholipiwa, kuingiliwa chumbani, maneno ya kudhalilisha, mguso usiotakiwa. Ukiona mojawapo, nenda kwa mhusika wa malazi shuleni asubuhi, na kama ni jambo la usalama usisubiri asubuhi. Ukimya haumo katika orodha hiyo.

Inawezekana kabisa mama huyo anakaa kimya kwa heshima, akidhani umechoka na darasa na hutaki kusumbuliwa. Wageni wengi waliokutangulia walikuwa hivyo. Sisi tumelelewa kwamba kijana hamwanzishii mkubwa mazungumzo mezani, na tabia hiyo ukiwa Lyon itamfanya aamini kwamba huna la kusema. Mwanzishie wewe. Usiulize maswali ya jumla kama vile habari za siku, kwa sababu jibu lake ni neno moja. Uliza kuhusu kitu kilichopo mbele yenu: waziri anayeonekana kwenye runinga amefanya nini mpaka watu wamekasirika, jibini hii inatoka upande gani, yule mtoto kwenye picha ya ukutani ni nani. Omba kumenya viazi, maana mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka. Omba umfuate sokoni siku ya gulio ubebe kapu, na njiani atakuonyesha mji kwa namna ambayo hakuna mwalimu atakayekuonyesha.

Fanya hivyo kwa juma moja kwa bidii. Kama hakuna kilichobadilika, mwone mhusika wa malazi mwanzoni mwa wiki ya tatu, na si mwisho wake, ili pabaki muda wa maana katika nyumba mpya. Mweleze bila kumlaumu mama, kwamba unatafuta nyumba yenye mazungumzo zaidi. Maombi ya namna hiyo ni ya kawaida katika shule hizi. Na kama mambo yatatengemaa, kabla ya kuhamia hosteli ya chuo muulize kama unaweza kuja kula naye mchana wa Jumapili mara moja moja katika mwaka. Mlo wa Jumapili huko ni mrefu kuliko wa siku nyingine, na mstaafu anayeishi peke yake hakosi nafasi ya sahani ya pili.